Miaka Minne ya Marekani Imekwisha, Othmani

Kwa mkono wa Pravin mwenye duka,
Mtaa wa Miyomboni,
Iringa, Tanganyika.
Jumanne, 11 Machi 1952

Mpendwa mwanangu Othmani,

Asalaam aleikum. Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani, mwanangu? Kifua chako je, kile kinachobana wakati wa baridi? Unavaa ile fulana ya sufu au umeigawa tena? Unakula nini? Chumba ni kilekile cha juu, au umehama hapo Livapuli bila kuniambia? Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi, tunakohoa, lakini tunaamka.

Bibi yako mzaa baba anakusalimu sana. Macho yamekwisha ila masikio yamezidi. Mtu yeyote akipita mlangoni anauliza, "Ndiye?" Namwambia siye. Anangoja apite mwingine.

Dada yako Mwanakhamisi anakusalimu, na wanawe wawili wanakusalimu. Wa pili hujamwona, anaota meno na kutuuma sote. Jirani yetu Marta, mwenye shamba la mahindi hapo nyuma, anakuamkia kwa Kihehe, kamwene, tena kamwene. Pravin anakusalimu yeye na mkewe. Jailos fundi cherehani wa barazani kwa Pravin anakusalimu, na anasema suruali uliyomwachia aipunguze mwaka arobaini na sita bado anayo. Anauliza aipunguze au aiongeze sasa.

Kaburi la baba yako nimelipalilia Ijumaa. Naye nimemtaja hapa, asiachwe kwenye salamu.

Sasa salamu zimekwisha, Othmani, nina maneno.

Kwanza, barua hii naiandika kwa mkono wangu, usishangae herufi zikilala. Nimejifunza kwenye darasa la wanawake, mchana, pamoja na kufuma. Zamani barua zote aliniandikia Jailos, na ndiyo maana mtaa mzima unajua habari zako kuliko mimi. Hii sitaki aione. Nimeanza juzi, leo ndiyo ninafika hapa.

Barua yako ya mwezi wa kwanza imefika. Unasema msaada wa Marekani haukukoma bali umebadilika jina, sasa wanasema ni wa ulinzi, na kwa hiyo meli hazitapungua na kazi bandarini ipo. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, unasema, Mama, nipe miaka miwili tena.

Nilisoma mstari huo mara tatu nikidhani ni macho yangu yanafuata ya bibi yako.

Nikukumbushe tulikotoka, maana naona umesahau, na mimi sikusahau hata siku moja.

Mwaka arobaini na sita ulirudi kutoka vitani Bama, mzima, Mungu ashukuriwe. Ukakaa nyumbani miezi miwili. Tukapeleka posa kwa Bibie, yule yatima anayelelewa na baba yake mdogo Bushiri, na wewe mwenyewe ndiye uliyenituma, hukulazimishwa. Ikakubaliwa. Tukapeleka kishika uchumba, doti ya kanga, pete na kichupa cha marashi. Ukasema unakwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli, mwaka mmoja tu, upate cha kuanzia nyumba. Haya.

Mwaka ule mmoja ukakufikisha Livapuli. Ukaniandikia kwamba baridi imekuwa kali hata mito imeganda, makaa ya mawe hayafiki, viwanda vimefungwa, taa zinazimwa na watu wamo ndani, na mkate unatolewa kwa kadi. Nikamuuliza baba yako, hawa si ndio walioshinda vita? Akasema ndio. Nikamwambia, mshindi gani anakula mkate kwa kadi? Akasema nisimuulize yeye, yeye hakupigana.

Nikakukaangia karanga. Nikatia na asali ya Marta kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga kifurushi, Pravin akakipeleka posta. Kwa hiyo kama ni jambo la kuilisha Ulaya, mimi niliitangulia Marekani.

Kisha ikaja ile barua yako ndefu. Ninayo hapa, imechakaa kwenye mikunjo. Ulisema kwamba mwezi wa sita wa mwaka arobaini na saba, waziri wa Marekani wa mambo ya nchi za nje, Marshali, aliyekuwa jenerali wao mkubwa wakati wa vita, alisimama kwenye sherehe ya chuo kimoja huko kwao akasema maneno machache. Kwamba Ulaya imekwama. Mkulima hapeleki chakula mjini kwa sababu mjini hakuna kitu cha kununua, na wa mjini hana cha kumpa mkulima. Kwamba Marekani itasaidia, ila wenyewe wa Ulaya wakae kitako kwanza wakubaliane wanahitaji nini, walete neno moja, si kila mtu na kilio chake.

Tuliisikiliza barazani kwa Pravin, Jailos anasoma, sisi tumekaa kwenye magunia. Alipofika kwenye mkulima, Marta akapiga paja. "Huyo kalima huyo! Kajuaje?" Maana unakumbuka wakati wa vita dukani kwa Pravin hapakuwa na hata kipande cha nguo, na Marta akaacha mahindi yake kichanjani. Alisema atayauza apate nini, ajifunge maganda?

Nikamuuliza Pravin kama ni huruma tu inayowafanya Marekani watoe vitu vyote hivyo. Akacheka. "Mama Othmani, huruma iko. Lakini duka pia iko. Wateja wote wa Iringa wakifilisika, mimi nitamuuzia nani? Nitavaa vitambaa vyangu mwenyewe?" Na Jailos akadakia, "Tena mteja mwenye njaa anahamia duka la pili." Alikuwa anamsema Mrusi. Nikaelewa. Hujapata kunieleza wewe vizuri kama walivyonieleza hao wawili kwa maneno hayo.

Na ulipoandika kwamba Mrusi naye alikaribishwa Parisi, akaja, akatazama, akasusa akaondoka, na majirani zake akawazuia wasiende, nilisema huyo namjua kabisa. Ndiye shangazi yako kwenye arusi ya Mwanakhamisi. Yeye hali pilau, na hataki wa upande wake wale.

Basi wale waliobaki, nchi kumi na sita, wakakaa, wakaandika karatasi yao. Marekani wakabishana kwao mpaka mwaka wa pili, mwezi wa nne, wakapitisha sheria. Miaka minne. Ukamaliza barua, Mama, meli zitakuwa nyingi, kazi itakuwepo miaka minne, msiwe na wasiwasi.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa langu, na wewe hukuwepo kuona aibu yangu, kwa hiyo nakueleza.

Mwezi wa saba wa mwaka huo Bushiri alikuja na wazee wawili. Wamekaa barazani na baba yako, mimi na Mwanakhamisi tuko ndani nyuma ya pazia, kama ipasavyo. Bushiri akauliza kwa adabu, "Mwenzangu, kijana anarudi lini?" Baba yako, unamjua, hapendi kumnyima mtu jibu wala kumpa. Akaanza mambo ya safari, mambo ya bahari, mambo ya kudra. Bushiri akauliza tena. Baba yako akarudi kwenye kudra. Nikasikia mzee mmoja anakohoa, kile kikohozi cha mtu anayetaka kuinuka. Nikajua wakiinuka hapo, Bibie amekwenda.

Nikapaza sauti. "Minne! Miaka minne! Marekani wenyewe wamesema minne!"

Othmani, tangu mtaa huu ujengwe, hakuna mwanamke aliyetaja muda wa arusi kutoka nyuma ya pazia, wanaume wamekaa. Mzee mmoja alijimwagia kahawa kwenye kanzu. Baba yako hakunisemesha siku mbili. Lakini neno lilikwisha toka. Bushiri akasema, "Haya, tumesikia. Miaka minne ya Marekani." Wakalisomea Fatiha. Mimi nikafurahi! Nilidhani nimekuokolea mke.

Kumbe nilimfunga mtoto wa watu kwenye meli za ngano.

Tangu siku ile mtaa unamwita Bibie "Bi Marshali". Akienda kisimani, "Bi Marshali, leo imefika meli gani?" Akinunua sukari, "Bi Marshali, wewe si unaletewa?" Amevumilia. Alikuwa na miaka kumi na sita ulipomposa, sasa ana ishirini na mbili. Wenzake wote wanabeba watoto. Yeye anasuka mikeka, na amesuka mingi hata hapana mahali pa kuitandika.

Na wewe unaniandikia habari za Ulaya. Mwaka arobaini na tisa, unga na pamba. Mwaka wa hamsini, matrekta, na daraja lililojengwa upya, na kwamba mkate umetoka kwenye kadi siku nyingi. Ukanipa pole ya baba yako kwa ukurasa mmoja na nusu, na nusu iliyobaki ukaeleza mashine ya kunyanyulia mizigo. Niliilia barua ile. Sikulia kwa sababu ya mashine.

Nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Ile vita ya kwanza, ya Mjerumani na Mwingereza, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Walipita hapa hawa, wakachukua mbuzi wetu na akiba ya ghala. Wakapita na wale, wakachukua kilichosahauliwa. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, kaka zangu wawili hawakurudi. Vita ikaisha, ikaja njaa, ikaja na homa. Tulichimba mizizi. Hapana aliyesimama kwenye sherehe ya chuo akasema watu wa Iringa wakae kitako waseme wanahitaji nini. Sisi tungekaa, Othmani! Karatasi yetu ingekuwa fupi.

Sasa nasikia hata Mjerumani mwenyewe amejengewa. Sina kinyongo, njaa ya mtoto wa Mjerumani ni njaa vilevile. Lakini wakati unanisifia majumba yanavyosimama huko, ujue mama yako ana haki ya kukasirika kidogo, na usinijibu kwa hesabu ya magunia.

Nifike kwenye lililotokea.

Mwezi wa kwanza, Jailos alisoma gazeti barazani kwamba ule mpango wa Marshali umefungwa, mwaka ulipoisha nao ukaisha. Akasoma kwa sauti kubwa kama anatangaza mwezi umeandama. Kabla ya adhuhuri mtaa wote unajua. Mwanakhamisi akaja mbio, "Mama, Marekani wamemaliza!" Nikapika bokoboko, naapa. Nikasema anarudi. Nikamwambia bibi yako, naye akaomba aoshwe nywele.

Ndipo ikafika barua yako ya miaka miwili tena.

Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, Bushiri alikuja peke yake. Safari hii hapana baba yako wa kuketi barazani, kwa hiyo nilimpokea mwenyewe, na bibi yako amekaa pembeni. Mkononi ana furushi. Nililijua kabla hajaliweka chini, maana nililifunga mimi. Kanga zile zile hazijavaliwa hata siku moja, pete, na marashi yamekauka nusu.

Akasema, "Mama Othmani, Marekani wamemaliza kazi yao. Na wewe?"

Nikamwambia kuna barua.

"Inasema nini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema, "Anasema sasa kuna msaada wa ulinzi."

"Ulinzi wa nini?"

"Bunduki."

Akanitazama. Bushiri si mtu wa makelele, unamjua. Akasema, "Kwa ngano tulingoja. Watu wana njaa, mtu mwungwana anangoja. Sasa nimwambie mtoto wa marehemu kaka yangu angoje bunduki zishuke?" Halafu akaliweka furushi kwenye mkeka, taratibu, kama anamlaza mtoto. Bibi yako akauliza, "Ndiye?" Bushiri akamwamkia, akavaa viatu akaondoka.

Akiwa mlangoni ameniambia jambo moja. Yuko mtu kutoka Mbeya, anaitwa Zubery, dereva wa lori anayekwenda na kurudi barabara hii, mjane, hana mtoto. Amepeleka posa. Namjua, hukaa kwa Pravin akingoja mzigo. Ni mtu mzuri, hilo ndilo linaloniuma. Siku njia ya mlima Kitonga ilipoporomoka alilala njiani siku tatu, akafika na dawa ya mtoto wa Mwanakhamisi haikulowa. Anasema njia ya Nyololo wameleta katapila mpya, na watu wananong'ona kwamba nazo zimetoka kwenye fedha hizo hizo za Marekani. Ikiwa ni kweli, basi msaada wenyewe umekwisha fika Iringa kabla yako.

Bushiri amenipa mpaka mwezi wa Shaabani uandame. Akitaka kumwoza atamwoza kabla ya Ramadhani.

Unajua desturi yetu. Furushi la uchumba likirudi, mama wa mwanamume akilifungua, posa imekufa, hapana wa kuifufua. Akilirudisha halijafunguliwa, posa ingali hai, na lazima aseme siku. Mimi sijaligusa. Liko pale pale kwenye mkeka tangu Alhamisi. Tunafagia kulizunguka. Mtoto wa Mwanakhamisi alilitambalia jana, nikapiga kelele nyumba nzima ikasimama.

Bibie alikuja Jumamosi. Hakupita mlango wa mbele, alipita kwa Marta. Akaketi akanisaidia kupukuchua mahindi, akaliona furushi, akaendelea kupukuchua. Nikaanza kumwambia kwamba nitakuandikia, nitakuomba urudi, nitakusihi. Akanikatiza, na hajapata kunikatiza maisha yake.

"Usimwombe, Mama. Mwulize tu."

Nikasema, mwanangu, nimuulize nini?

"Mwulize kama anakuja. Ulaya ilibomoka, ikajengwa. Mimi sikubomoka, nimewekwa tu."

Akamaliza bunzi lililokuwa mkononi, akajipangusa, akaondoka kwa njia ileile. Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno wala sikulainisha.

Kwa hiyo sikuombi, Othmani. Nakuuliza. Kama unakuja, nitajie mwezi na jina la meli, na mimi nitalichukua furushi kichwani, kweupe, nipite nalo katikati ya mtaa mpaka kwa Bushiri, wote waone halijafunguliwa. Sitangoja mwanamume wa kunisemea. Nimekwisha zoea kusema.

Kama huji, sema huji. Kama una mke huko, mzungu au yeyote, sema. Nitalia siku mbili, ya tatu nitamwombea dua na kukuuliza jina lake na kama anajua kupika wali. Wewe ni mwanangu, nimekuzaa kwa siku moja na nusu, hapana barua itakayobadili hilo. Lakini usiniandikie tena habari za meli. Mimi ndiye niliyesema minne, mbele ya wanaume. Mwaka wa tano na wa sita sina mdomo wa kuitaja.

Wala usiseme unangoja kazi iishe. Nimejifunza kitu kwa hao Marekani wako. Kazi ya bandarini haiishi, inabadilishwa jina.

Nisalimie rafiki yako yule Msomali mnayekaa naye, na yule mama mwenye nyumba anayekupa chai. Mwambie mama wa Othmani anamshukuru kwa chai. Bibi yako anarudia salamu, amenisikia ninasema kwa sauti ninapoandika. Mwanakhamisi anarudia, Marta anarudia, na Jailos angerudia kama angejua ninaandika.

Mungu akukinge na baridi na minyororo ya mashine zile zinazonyanyua mizigo. Akulaze na kukuamsha salama. Radhi yangu unayo, iwe ni ndiyo au siyo. Ila jibu sina, na ndilo ninalolitaka.

Barua hii inakwenda kwa ndege, nimeambiwa siku kumi. Na wewe usiniletee barua, barua zako ndefu. Nenda posta upige simu ya maandishi kwa Pravin, neno moja linatosha, "Nakuja" au "Siji". Jailos ataisoma kwa sauti, najua, haidhuru. Fanya hima mwanangu, Rajabu iko mlangoni na baada yake ni Shaabani. Mkeka wenyewe ulisukwa na Bibie, na katikati yake furushi linaningoja niliguse.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekununia,

Siwema binti Shomari